Kiti Kisichotikisa Mtu

Persis alikuwa ameolewa na sauti. Ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, akicheka, kila wanawake wenzake wa Kebirigo walipomtania kwamba mumewe amesahau njia ya kurudi. Sauti hiyo ilimjia mara moja moja kwa simu ya duka la dawa pale sokoni, ikitoka Ujerumani na mwangwi wake, na swali la kwanza siku zote lilikuwa, "Tata anaendeleaje?" Akimaliza kueleza hali ya Tata, muda wa simu umekwisha. Basi alirudi nyumbani, akapika, akala peke yake jikoni, akalala katika nyumba ya bati aliyojengewa akiwa bibi harusi. Kitanda kilikuwa kipana mno kwa mtu mmoja, naye hakuwahi kuzoea upana wake.

Huyo Tata ni baba mkwe wake, Mzee Nyangate, aliyeishi katika nyumba ya pili, ng'ambo ya ua. Mkewe alikuwa amekufa zamani. Yeye mwenyewe alianguka kutoka juu ya mkaratusi akikata matawi, mgongo ukavunjika, na tangu siku hiyo miguu yake ikawa mizigo tu ya kuvutwa. Mikono ilibaki na nguvu. Alikuwa amefungiwa kamba darini juu ya kitanda, na kwa kamba hiyo alijivuta mwenyewe mpaka kwenye kiti. Ila kutoka hapo hadi nje, kwenye miteremko yetu hii ambako hata ng'ombe huteleza, alihitaji watu.

Mtu wa mbali atauliza: mke wa mwana yupo nyumbani, mzima na mwenye nguvu, shida iko wapi? Shida ni chinsoni. Kwa Wagusii, mke wa mwana na baba wa mume hawagusani. Hawapeani mkono wakisalimiana. Mke hakalii kiti cha mzee, haingii chumba anacholala, wala hamsogelei hadi pumzi yake imfikie shingoni. Usidhani ni chuki. Ni heshima, na wawili hawa waliishika kama walivyoishika Sabato. Persis aliweka uji juu ya kigoda barazani, akarudi nyuma, ndipo mzee akanyoosha mkono kuuchukua. Waliishi boma moja miaka minne, wakijuana hata kikohozi, na hawakuwahi kugusana hata kidole.

Kwa hiyo kubebwa kwa mzee kulikuwa kazi ya jirani yao Thadeus, aliyekuja asubuhi na jioni na mwanamume mwingine yeyote aliyemshika njiani. Walimwinua na kiti chake, mmoja huku na mmoja kule, wakimtania kwamba amekula ndizi nyingi, wakampeleka kwenye kituo cha majani chai kando ya barabara, mahali ambapo wazee wenzake walikaa kuisema serikali. Walimtikisa vibaya mno. Mara nyingine walimwangusha nusu, wakacheka, naye akawatukana.

Mwaka ule, mvua za El Nino zilipokwisha kubomoa barabara zote, sauti ilirudi nyumbani na mwili wake. Momanyi alifika na gari la kukodi lililobeba sanduku refu kuliko jeneza, na ndani ya sanduku mlikuwa na kiti cha magurudumu chenye injini ya umeme, kompyuta nyuma ya mgongo, na vijicho vidogo vya kuona kizuizi. Kiti kilijiendesha chenyewe. Watu walijaa uani kutazama. Persis alitazama pia, ingawa yeye alikuwa akimtazama mumewe, akitafuta mahali pa kuanzia kumzoea.

Momanyi alikuwa mpole, na jambo hilo ni kweli mpaka mwisho wa habari hii. Alimweleza mkewe kazi yake jioni hiyo hiyo, akila matoke haraka haraka.

"Kupeleka mtu si kupeleka gunia la mahindi," alisema. "Gunia ukilitikisa halilalamiki. Mtu mwenye miguu, gari likifunga breki, anakanyaga chini anajizuia bila hata kufikiria. Sasa Tata hana cha kukanyagia. Kiti kikianza ghafla anarushwa nyuma, kikisimama ghafla anarushwa mbele. Si mbio zinazomuumiza. Ni mwendo kubadilika bila kumwarifu."

"Kwa hivyo hiyo kompyuta inamwarifu?"

"Inapanga. Kabla ya kona inajua kuna kona. Inaanza kupunguza mapema, inakunja taratibu, inatoka taratibu. Kama kazi imefanywa vizuri, hatajua ni saa ngapi alianza kwenda."

Persis aliipenda namna alivyoeleza. Alimngoja amalize ya kiti aanze ya kwao, ila ya kiti hayakwisha.

Kesho yake alifundishwa kazi. Kiti kilipaswa kwanza kuongozwa na mtu anayeijua njia, kwa kijiti kidogo cha usukani, ili kompyuta ishike kona na miinuko. Baadaye ndipo ingeinyoosha njia hiyo na kuiendesha yenyewe. Momanyi alisema miguu yake mwenyewe imeshausahau mteremko. Basi Persis akatembea kando ya kiti kitupu, akakipitisha mbali na pale maji ya jikoni yanapoteleza, akakizungusha nyuma ya banda la ng'ombe, akakipitisha chini ya migomba, akakitoa kwenye lango hadi kituo cha majani chai. Alikifundisha kwa moyo wote. Kisha akakumbuka maneno ambayo mumewe alikuwa amemwambia usiku, akajuta.

Maneno yenyewe yalikuwa haya. Profesa wake wa chuo kule Ujerumani alitaka kuona kama kiti kinaweza kumbeba mtu kwenye udongo wa kweli bila kumsumbua. Kikiweza, Momanyi alikuwa na kazi ya miaka mingi ikimngoja Ujerumani. Kisipoweza, angebaki nyumbani akitengeneze, na chuo kimoja cha ufundi mjini Kisii kilikuwa tayari kimemwahidi nafasi ya ualimu. Na Persis kumfuata huko? Lilikuwa swali la kipumbavu. Nani angepika uji wa Tata? Kiti kikiwa kizuri mume anaondoka, kiti kikiwa kibaya mume anakaa. Hata mtoto wa darasa la pili angefanya hesabu hiyo, na Persis hakuwa mtoto. Alitaka kiti kiharibike. Alilitaka jambo hilo akiwa kanisani Nyanchwa, akiimba sauti ya pili, na aliona aibu ila hakuacha kulitaka.

Upande wa mkono wa mzee paliwekwa kitufe chekundu. Mwili wake ukihisi vibaya popote, abonyeze. Kiti kingesimama kwa adabu, kompyuta ingetia alama mahali hapo, na Momanyi angekuja kuangalia.

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka chini ya migomba. Hapo kiti kikasimama. Momanyi, aliyekuwa akifuata kwa mbali ili asimsumbue msafiri, alikuja mbio. Akapiga magoti, akapitisha kiganja mgongoni mwa baba yake, akamnyoosha mabega.

"Tata, wapi?"

"Hapo. Shuka kidogo."

"Hapa?"

"Ee. Hapo hapo."

Momanyi alipima, akakuna kichwa. Mahali penyewe palikuwa sawa kama meza. Usiku huo alibadilisha hesabu zake, na kesho yake kiti kikapita migombani kwa upole zaidi, na kitufe kikabonyezwa tena. Siku iliyofuata kikabonyezwa kwenye banda la ng'ombe, kisha langoni, kisha tena migombani. Momanyi alikwenda Kisii mjini, akashinda katika duka la vyuma la Bharat akichagua raba laini za magurudumu na springi za kiti. Alikwenda posta akapiga simu, akasogeza mbele siku ya kusafiri. Betri zilipopelekwa sokoni kuchajiwa, alizifuata mwenyewe, akaketi karibu nazo mpaka zikajaa. Alikonda. Hakuelewa kosa liko wapi, maana kompyuta ilimwambia hakuna mtikisiko, na baba yake akamwambia upo, naye alikuwa amelelewa kumwamini baba yake.

Nyumbani alikuwepo, ndiyo. Alivua viatu mlangoni, akanywa chai, akalala upande wa ukutani. Akifumbua mdomo gizani ni habari ya magurudumu. Persis alimsikiliza akiwa amefumba macho, na aliona wazi kwamba sasa ni mpweke zaidi kuliko zamani, kwa sababu zamani alikuwa na mtu wa kumngojea.

Thadeus naye hakuja tena. Kwa nini aje? Mzee ana mashine. Alipunga mkono kutoka barabarani, akamsifu Momanyi, akaendelea na safari zake. Mzee Nyangate alifika kituo cha majani chai akiwa msafi, bila kutukana mtu, akarudi vivyo hivyo. Wazee wenzake walikiheshimu sana kile kiti. Walikaa mbali nacho kidogo, wasije wakaharibu kitu.

Ilikuwa siku moja ya baridi, Persis amesimama mlangoni mwa jikoni na sufuria ya chinsaga, akichambua mboga, ndipo alipoona. Kiti kilikuwa kinashuka kuelekea migombani, laini, hata blanketi la magotini halikusogea. Mzee aligeuza kichwa kidogo, akahakikisha mwanawe yuko nyuma. Akabonyeza. Momanyi akaja mbio, akapiga magoti, akaweka mikono miwili mgongoni mwake. Na mzee akafumba macho.

Basi. Hapakuwa na kingine. Persis aliona uso ule umefumba macho, akajua kwamba mgongo haumuumi. Alitaka kushikwa. Tangu mkewe afe hapakuwa na mtu wa kumshika ila hao wabebaji wake wa asubuhi na jioni, na sasa hata hao mashine ilikuwa imewafukuza kwa upole wake.

Angemwambia nani? Mzee hawezi kuambiwa. Hayo ni mambo ya mwili, na chinsoni inayafunga. Mume angeweza kuambiwa, lakini angeelewa kwamba kiti ni kizima, akafunga sanduku. Persis alirudi jikoni, akaweka mboga motoni, akanyamaza. Sitamlaumu. Ulikuwa uongo wa mtu mwingine, na yeye aliula tu kama mtu anayealikwa chakula.

Wiki zikapita hivyo, mzee akibonyeza, Momanyi akipiga magoti, Persis akinyamaza. Wote watatu walikuwa wamechoka. Ijumaa moja Momanyi alimjia Persis uani akiwa amekunja mikono ya shati.

"Nimefikiria," alisema. "Labda mgongo wa Tata wenyewe ndio unamdanganya. Nahitaji mtu mwingine apande. Wewe."

"Mimi nikalie kiti cha Tata?"

"Persis, hii ni mashine."

"Ni mashine anayokalia Tata."

Alikuwa ameishi nje mpaka akasahau jambo kama hilo, na alipolikumbuka aliona haya, akatazama chini. Lakini hakuwa na njia nyingine. Alikwenda barazani kumwomba baba yake ruhusa. Persis aliwasikia wakizungumza kwa sauti ya chini, kisha mzee akasema kwa nguvu, uso akiuelekeza ukutani ili maneno yasimwendee mke wa mwana moja kwa moja:

"Aweke blanketi juu yake. Na mimi nitoe hapa, niingie ndani."

Momanyi akambeba baba yake, akamwingiza ndani. Blanketi likatandikwa, mlango wa mzee ukafungwa, na Persis akakaa pembeni pembeni, kama mgeni asiyejua kama ameruhusiwa kukaa.

Hakujua ni saa ngapi kiti kiliondoka. Aliona tu kwamba jikoni kumekuwa nyuma yake. Kikazunguka banda la ng'ombe, naye akangoja kuegemezwa upande mmoja, lakini hakuegemezwa. Kila kona ilikuwa imepangwa kabla hajaifikia. Alishangaa, na mshangao huo ulimuuma, kwa kuwa njia hiyo ni yeye aliyeifundisha, na mtu aliyeinyoosha hivi alikuwa mtu mwenye huruma nyingi sana. Huruma yote ile ilikuwa imeingia kwenye magurudumu. Alitamani ibakie kidogo kwake.

Migomba ikakaribia. Asipobonyeza, Momanyi angeondoka Jumapili. Tiketi ilikuwa mfukoni mwa koti. Akibonyeza, atakuwa amesema uongo wake mwenyewe sasa, si wa kualikwa. Alikiangalia kitufe. Nyuma yake alisikia viatu vya mumewe kwenye majani makavu, mbali kidogo, kwa adabu.

Akabonyeza.

Kiti kilisimama taratibu. Viatu vikaja mbio. Moyo wa Persis ulipiga kama wa msichana, na aliketi wima, mgongo tayari. Momanyi alipiga magoti kando yake. Akainamia gurudumu. Akaliviringisha kwa kidole, akalisikiliza, akaivuta springi. Akaenda nyuma, akafungua kompyuta, akasoma.

"Hakuna kitu hapa," alisema, macho kwenye kioo. "Hakikutikisika hata kidogo. Uliumia wapi?"

"Sikuumia."

"Sasa mbona umebonyeza?"

Angeweza kutafuta jibu. Alikuwa na majibu mengi ya miaka minne. Lakini alikuwa amechoka kuwa na akili.

"Nilitaka uje," alisema.

Momanyi akainua macho. Akamtazama, na kwa kitambo kidogo Persis aliamini kwamba sasa ndipo mumewe amerudi kutoka Ujerumani.

"Na Tata?" aliuliza polepole. "Tata pia hakuumia?"

Hilo hakuwa amelitegemea. Alifungua mdomo amtetee mzee, hakupata neno, na kimya chake kikajibu. Akaona uso wa mumewe ukianza kung'aa, polepole, kutoka machoni kushuka chini.

"Kumbe kiti kiko sawa," alisema. "Siku zote hizi kiko sawa." Alikuja mbele akamshika mabega yote mawili, akamtikisa kwa furaha mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Asante, Persis. Hujui ulivyoniokoa. Asante sana."

Akarudi nyuma ya kiti, akafuta alama zote kabla jua halijazama na Sabato kuanza, kisha akakimbilia nyumbani. Persis alibaki kwenye kiti. Baadaye aliteremka, akakunja blanketi.

Jumapili gari la kukodi lilikuja asubuhi. Sanduku lilikuwa tupu safari hii. Momanyi aliagana na baba yake kwa kumshika mkono na kumwekea mwingine begani, akaagana na mkewe mbele ya majirani kama inavyopasa, yaani kwa maneno. Alisema atapiga simu. Alisema miaka hii itapita upesi. Gari likashika barabara ya Nyamira, na baada ya dakika chache hata vumbi halikuwepo, maana barabara ilikuwa bado na maji.

Jumatatu Persis aliweka uji juu ya kigoda barazani, akarudi nyuma. Mzee Nyangate hakuugusa. Alikuwa kwenye kiti chake, uso akiuelekeza kwenye mashamba ya chai ng'ambo ya bonde.

"Tata, ni mimi niliyeharibu," Persis alisema. "Sikukusudia kukutaja."

"Najua."

"Alijua tu."

"Ni mtoto mwenye akili." Mzee akatafuta namna ya kuuliza neno lake bila kuvunja heshima, akalizungusha, akaliacha, akalirudia. "Ile siku yako ya kiti. Alipokuja pale. Aliangalia nini?"

Persis alishikilia ukingo wa leso yake. Angeweza kumtetea mume. Ndivyo mke anavyofundishwa.

"Aliangalia gurudumu, Tata."

Mzee hakugeuka. Mikono yake mikubwa ilikuwa juu ya magoti, na Persis aliiona ikifunguka na kufungwa, kama ya mtu aliye karibu na kitu asichoruhusiwa kukishika. Yeye naye alisimama pale pale, umbali ule ule wa siku zote.

"Leo siendi kituoni," mzee alisema mwishowe. "Nitakaa hapa. Na wewe, kama huna kazi nyingi, ndizi za mchana unaweza kuzimenyea hapo uani."

Persis alisema ana kazi nyingi sana. Kisha akaenda jikoni, akaleta ndizi na kisu, akavuta kigoda chake hadi pale mpaka wa heshima ulipoishia, akakaa.